Jina Apewalo Kiongozi: Singida na Habari ya Mwaka 1985

Wanahistoria wetu hawakosi kutuandikia siku ambayo kiongozi alichaguliwa. Hutupa tarehe ya kuapa, idadi ya kura, na majina ya wageni waliokaa jukwaani. Kinachokosekana vitabuni ni jibu la mtu wa kawaida aliyeipata habari hiyo akiwa mbali na jukwaa. Mkulima wa uwele, mama muuza chumvi, kijana anayechunga mifugo ya babake, wote hufikiwa na habari, nao wote huijibu kwa namna yao. Lakini jibu lao haliandikwi, kwani halina muhuri wala halihesabiki.

Katika makala haya nakusudia kulitafuta jibu hilo mahali pamoja na katika tukio moja: mkoa wa Singida, na kuchaguliwa kwa Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mwaka 1985. Hoja yangu ni kwamba jibu la wananchi lipo, tena halikupotea. Limehifadhiwa katika neno moja, nalo ni jina walilompa kiongozi huyo. Wapenzi wa ushairi wanajua jinsi neno moja liwezavyo kubeba utenzi mzima. Basi na tulibebe neno hilo, tulipime uzito wake.

Kwa msomaji wa visiwani na mwambao, Singida huenda ikawa ni jina la kuku na mafuta ya alizeti, basi. Wazee wetu walikuwa na jina jingine la upande ule. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikishaipita nchi ya Wagogo, iliingia Mgunda Mkali, pori kavu lisilo na maji ya kutegemewa, ambalo sehemu yake kubwa leo imo upande wa Manyoni na Itigi. Wapagazi waliliogopa pori lile, na waliolivuka walilisimulia mpaka pwani. Kwa hiyo Kiswahili kilifika huko kwa miguu, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Kilimatinde, na kabla Reli ya Kati haijapita Manyoni.

Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1963. Wenyeji wake ni Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni, pamoja na Wataturu, Wabarbaig, na Wahadzabe wachache wa upande wa Ziwa Eyasi. Mvua ni ya msimu mmoja kwa mwaka, nayo haina ahadi. Watu hulima uwele na mtama, hufuga ng'ombe na mbuzi, na hujifunza tangu utotoni kutoliamini wingu mpaka limenyesha. Tabia hii ya kulingojea wingu yataka tuikumbuke, maana ndiyo iliyoipokea habari ya mwaka 1985.

Habari zenyewe zilifikaje? Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Stesheni za kwanza zilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tofauti hii si ndogo. Mtu wa Mjini Unguja alikuwa ameshamwona Mzee Mwinyi akitembea, akicheka, akisalimiana na watu. Mtu wa Kiomboi au Ikungi aliijua sauti yake tu, kwa njia ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na labda picha yake katika gazeti la Uhuru au Mzalendo lililofika limechelewa kwa siku kadhaa na kupita mikono mingi kabla ya kugeuka kuwa karatasi ya kufungia dukani.

Na hata hiyo redio ilikuwa na dhiki zake. Sisi tuliokuwa shuleni miaka ile twakumbuka betri zilivyokuwa adimu. Zikichoka, zilianikwa juani juu ya bati au zilipashwa karibu na moto wa jiko, ili zipate pumzi ya kutosha taarifa moja ya habari. Watu hawakufungua redio ovyo. Walingoja saa, wakakusanyika kwenye nyumba iliyokuwa nayo, wakasikiliza habari na yale mazungumzo yaliyofuata baada ya habari, kisha ikazimwa. Yaliyobaki yalichukuliwa na redio mbao, yaani mdomo kwa sikio, ambayo haikuhitaji betri wala haikuzimwa na mtu. Mnadani, siku ya kuuza na kununua mifugo, redio mbao ilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko redio ya serikali.

Uhaba wa betri ulikuwa tawi tu la uhaba mkubwa zaidi. Baada ya vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, wananchi walitakiwa wavumilie miezi 18 ya kufunga mkanda. Miezi ile ikapita, na mkanda haukulegea. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, vitenge na khanga vilitafutwa kama dawa. Bidhaa ziligawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika, na foleni ikawa sehemu ya maisha. Mahindi ya manjano yalipoletwa kwa msaada kutoka ng'ambo, watu waliuita unga wake "Yanga", kwa kuwa ulifanana na rangi ya jezi ya timu ile. Msomaji na aliweke jambo hili akilini: katika shida ile watu hawakuacha kazi yao ya kubatiza vitu. Mwaka 1983 kukaja msako wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa, au zikatupwa usiku kwa hofu. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine akafa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, na wengi wakahisi kuwa nchi imebaki bila mkono mmoja.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo Mwalimu Julius Nyerere alipotimiza ahadi yake ya kung'atuka. Mwezi Agosti 1985 Chama cha Mapinduzi, katika vikao vyake vya Dodoma, kikamteua Ali Hassan Mwinyi kuwa mgombea pekee. Majina ya Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa yalitajwa, lakini uamuzi ukamwangukia yeye.

Mtu wa Singida alimjua kwa lipi? Kwanza, alimjua kuwa ni mtu wa visiwani, ingawa alizaliwa bara, Kivure, wilaya ya Mkuranga ya leo, tarehe 8 Mei 1925, akapelekwa Unguja akiwa mtoto kusomeshwa. Alikuwa mwalimu, akafikia kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Pili, na hili lilikuwa karibu zaidi na Singida, palikuwa na habari ya mwaka 1977. Mkoa jirani wa Shinyanga, pamoja na Mwanza, ulikuwa umekumbwa na mauaji ya watu, wengi wao vikongwe waliodhaniwa wachawi. Vyombo vya dola vikafanya msako, na katika msako ule baadhi ya washukiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa amempiga mtu, wala hakuwapo. Lakini alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Katika nchi ambayo wakubwa walijulikana kwa kupanda na kuhamishwa, mtu aliyejishusha mwenyewe alikuwa jambo la kusimuliwa.

Tatu, kulikuwa na habari za Zanzibar yenyewe. Mzee Aboud Jumbe alipojiuzulu mwezi Januari 1984, Mwinyi alishika nafasi ya Urais wa Zanzibar. Mwaka ule visiwa vikaanza kulegeza biashara, na maduka ya Unguja yakaanza kujaa tena. Habari ya maduka yaliyojaa haina haja ya kutangazwa. Huvuka maji yenyewe.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Oktoba 1985. Wabunge walichaguliwa kwa alama za jembe na nyumba, kama ilivyokuwa desturi tangu mwaka 1965. Rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ndiyo zikawa zaidi ya asilimia 95. Mwinyi akaapishwa tarehe 5 Novemba 1985, na Mwalimu akabaki kuwa Mwenyekiti wa Chama hadi mwaka 1990.

Mtu atakayesoma asilimia ile peke yake ataona kuwa jibu la wananchi limeshapatikana: walikubali, wakamaliza. Lakini tuitazame tena. Waliosema hapana walizidi watu 200,000, ilhali hapakuwa na mgombea mwingine wa kumpa kura. Hapana yao haikuwa ya mtu fulani, ilikuwa hapana tu. Na robo hivi ya waliojiandikisha hawakwenda kituoni kabisa. Hata katika ile ndiyo kubwa, nani ajuaye ni ndiyo ngapi zilizotoka moyoni, ngapi zilizotoka katika mazoea, na ngapi zilizokuwa kwaheri kwa Mwalimu kuliko karibu kwa mgeni? Kura ya ndiyo na hapana ni kama mtu kuulizwa "hujambo?" Jibu lake lajulikana kabla hajalitoa, hata akiwa na homa.

Palikuwa na njia ya pili ya kujibu, nayo ni risala. Kila Mtanzania wa umri wangu anaijua sanaa hii, ingawa wahakiki hawajaipa nafasi inayostahili. Kiongozi mpya akizuru wilaya, kijiji humsomea risala. Huanza kwa hongera ya kuchaguliwa, ikafuata orodha ya mafanikio, kisha kwa upole mkubwa ikageuka kuwa orodha ya matatizo, ikaishia kwa maombi: kisima, zahanati, dawa ya ng'ombe, barabara inayokatika masika. Kabla au baada yake wanafunzi hutoa ngonjera. Na hapa nyanda za kati zina haki ya kujivuna, maana aliyeipa ngonjera umbo lake na jina lake katika fasihi yetu ni Mathias Mnyampala, mtoto wa Ihumwa, Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Mgogo huyu alichukua bahari za ushairi wa pwani, akazifanya ziseme habari za kijiji cha bara. Kwa kupitia chama cha ushairi cha UKUTA ngonjera zikaenea mashuleni kote.

Ukisikiliza kwa makini ngonjera ya kumlaki kiongozi, utaona ujenzi wake ni ule ule wa risala. Beti za mwanzo ni sifa. Beti za mwisho ni deni. Wapo wanaodharau mashairi ya namna hii kwa kuyaita ya kujipendekeza. Mimi naona wameyasoma nusu. Mtu anayemwambia kiongozi kuwa yeye ni mti wenye kivuli, kisha akamwonyesha kuwa amesimama juani, hakumsifu. Amemkumbusha kazi ya mti. Hata hivyo, risala na ngonjera zina mpaka wake. Zilipitiwa na mwalimu mkuu, na katibu wa chama, na mtu wa wilayani, kabla ya kusomwa. Kilichofika mbele ya kiongozi kilikuwa kimeshachujwa.

Jibu lisilochujwa lilikuwa jina.

Jina halikutolewa siku ya habari. Mtu wa Singida, kama nilivyosema, hulingojea wingu. Mwezi Novemba 1985 hapakuwa na jina la kumpa. Alikuwa Rais Mwinyi, basi. Jina lilikuja taratibu, jinsi maduka yalivyoanza kuwa na vitu. Marobota ya mitumba yakaingia minadani, na watu waliokuwa na nguo moja ya viraka wakaanza kuchagua rangi. Sabuni ikarudi. Mwenye gari akaruhusiwa kubeba, mwenye duka akaruhusiwa kuagiza, mwenye mazao akaanza kuuza bila kujificha. Na kwa kuwa Mzee mwenyewe alikuwa mwepesi wa kusema kuwa jambo fulani ni ruksa, watu wakalichukua neno hilo kinywani mwake wakamrudishia liwe jina: Mzee Ruksa.

Mwanahistoria wa hesabu atalipinga jina hili, na atakuwa na hoja. Mlango wa biashara haukufunguliwa na Mwinyi peke yake. Ulianza kufunguka katika bajeti ya mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais na Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, pale watu wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Nyingi ya bidhaa alizoziona mtu wa Singida mwishoni mwa mwaka 1985 zilitokana na uamuzi ule. Lakini wananchi hawakuwa wakiandika mahesabu ya Hazina. Walikuwa wakiandika jinsi walivyojisikia, na walijisikia kuwa mkanda umelegezwa.

Nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, na nakiri kuwa neno "ruksa" ni zito kulihamishia lugha nyingine. Lina sauti ya mtoto anayeomba kutoka darasani, ya karani anayegonga muhuri bandarini, ya mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni aliyebisha hodi. Asili yake ni Kiarabu, na wasomaji wa mwambao waliokaa chuoni wanaijua maana yake ya kitaalamu. Wanazuoni wa fiqhi hutofautisha azima na rukhsa. Azima ni hukumu ya asili, iliyowekwa ifuatwe kwa uthabiti. Rukhsa ni nafuu itolewayo kwa sababu ya udhuru au dhiki, kama msafiri apunguzavyo swala, au mgonjwa alavyo mchana wa Ramadhani. Rukhsa haiifuti azima. Huilegeza kwa muda, kwa ajili ya mwenye shida.

Sasa na tutazame majina ya zama zetu mbili. Zama za kwanza zilijengwa juu ya Azimio, lile lililotangazwa Arusha mwaka 1967. Na neno "azimio" latoka katika mzizi ule ule wa azima. Zama za pili ziliitwa Ruksa. Mnyaturu wa Ikungi na Mnyiramba wa Kinyangiri, wengi wao wasiosoma fiqhi hata siku moja, waliweka maneno haya mawili mahali pake sawasawa na wanazuoni wa karne zilizopita. Sisemi kuwa walijua. Nasema Kiswahili kilikuwa kinajua, na kiliwajulisha bila wao kuwa na habari. Naam, na mwezi Februari 1991 Chama kilipokaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba ya kupangisha, uamuzi ule ukaitwa Azimio la Zanzibar. Ilikuwa ruksa iliyovaa kanzu ya azimio.

Jina lililo hai halikai na maana moja. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi, iliyokuwa takriban 17 kwa dola moja, ikateremka mpaka ikapita 190 kufikia mwaka 1990. Bidhaa zikawapo, fedha ya kuzinunulia ikawa ndiyo adimu. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Minong'ono ya rushwa na ya misamaha ya kodi kwa wakubwa ikaongezeka. Hapo jina lile lile, bila kubadilishwa herufi, likageuka kuwa lawama. Mtu akiona afisa anachukua cha umma mchana kweupe, alisema tu, "Ruksa!" na kila mtu akaelewa. Wananchi hawakuhitaji jina jipya, waligeuza sauti.

Kisha muda ukafanya kazi yake. Mzee alistaafu mwaka 1995, akaishi miaka mingi bila makuu. Mwaka 2021, siku aliyotimiza miaka 96, kilizinduliwa kitabu cha maisha yake, na juu ya jalada lake likawekwa jina lile walilompa watu: Mzee Rukhsa. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, waombolezaji walimtaja kwa jina hilo, na safari hii lilikuwa sifa tupu. Jina moja lilikuwa shukrani, likawa lawama, likawa dua. Asilimia 95 na ushei ya mwaka 1985 haiwezi kutusimulia safari hiyo.

Kipimo hiki si cha Mzee Mwinyi peke yake. Nyerere na Mwinyi wote walikuwa walimu, lakini "Mwalimu" lilimganda mmoja, maana watu walihisi kuwa yeye aliwafundisha na, inapobidi, kuwachapa. Benjamin Mkapa aliingia mwaka 1995 akisifiwa na wakubwa kuwa ni Bwana Msafi. Mitaani, fedha zilipokuwa ngumu, watu wakatunga neno "ukapa", na kuwa na ukapa kukawa ni kuwa mfuko mtupu. Jakaya Kikwete alichaguliwa mwaka 2005 kwa asilimia 80, na kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. John Magufuli alikuja mwaka 2015 na "Hapa Kazi Tu". Watu wakamjibu kuwa vyuma vimekaza. Tazama vizuri: kaulimbiu hutoka juu, imechapwa kwenye fulana na khanga kabla ya uchaguzi. Jina hutoka chini, baada ya uchaguzi, nalo halina mfadhili. Anayetaka kujua nchi ilijibu nini, aliweke jina kando ya kaulimbiu, asome pengo lililo baina yake.

Turudi Singida, kwani mkoa huu umetupa fundisho jingine. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 ulipeleka bungeni kwa mara ya kwanza watu wawili: Mwigulu Nchemba wa CCM, Iramba Magharibi, na Tundu Lissu wa Chadema, Singida Mashariki. Mkoa mmoja, mwaka mmoja, habari mbili za kiongozi mpya. Septemba 2017 Lissu alipigwa risasi nyingi akiwa Dodoma, akanusurika, na mwaka 2020 akagombea Urais. Mwezi Novemba 2025 Nchemba aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, wakati Lissu, aliyekamatwa mwezi Aprili mwaka huo, alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Familia za Singida zilizomjua huyu na zikamjua yule, ambazo watoto wao wameoana na mifugo yao hunywa maji ya bwawa moja, zilipokea habari hizo mbili kwa masikio yale yale.

Zilijibu nini? Hapa ndipo pana jambo la kuhofia. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Kizimkazi na wa pili kutoka visiwani kuiongoza Jamhuri ya Muungano, alitangazwa kupata asilimia 97.66. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. Siku hiyo palitokea maandamano katika miji kadhaa, watu wakauawa, idadi yao ikabishaniwa, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Redio mbao ya siku hizi, iliyo katika simu, ikanyamazishwa kwa swichi moja. Mwaka 1985 betri zilikuwa chache, lakini hapakuwa na swichi ya kuizima redio mbao.

Aidha, tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wapo wananchi walioshitakiwa kwa maneno waliyoandika mtandaoni juu ya Rais. Sitetei matusi, tusi halina ufundi, na ushairi wetu una njia nyingi za kusema bila kutukana. Lakini tukumbuke kuwa jina kama "Ruksa" lilizaliwa katikati ya utani, na utani huzaliwa mahali ambapo mtu hana hofu. Mwenye jina aliweza kulisikia, akacheka, na mwishowe akaliweka juu ya kitabu chake. Hilo halikuwa jambo dogo. Lilikuwa mapatano ya kimya baina ya aliye Ikulu na aliye mnadani: wewe utawale, mimi nitakuita. Mapatano hayo yakivunjika, watu hawaachi kutoa majina. Huyatoa kwa kunong'ona, na jina la kunong'ona halimfikii kiongozi likamfaa. Hubaki na asilimia, na asilimia haikupata kumwambia mtu kuwa sabuni imepanda bei.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa jarida hili, na hasa kwa wale wenye wazee nyumbani. Mashairi ya magazetini tunayo, kwani yamechapishwa tangu siku za Mambo Leo, mwaka 1923. Risala nyingi zimo katika majalada ya wilaya, zikiliwa na mchwa. Lakini majina na misemo ambayo watu waliwapa viongozi wao, wakubwa na wadogo, toka Rais mpaka mtendaji wa kijiji, haimo mahali popote isipokuwa vinywani. Waulizeni wazee wa Singida waliwaitaje viongozi wa mwaka 1985, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu na kwa Kinyiramba. Waulizeni wa Pemba, wa Lamu, wa Mombasa, wa Kigoma. Andikeni jina, mwaka lilipoanza kutumika, na kile kilichokuwa kinauzwa au kinachokosekana dukani wakati huo. Atakayekuja kuiandika historia ya nchi hizi atazikuta tarehe za kuapishwa bila taabu. Bila kazi hiyo hatajua watu waliokuwa kwenye foleni walisema nini.